Spika ya Kulia

Karakana nzima ilimwita Mshenga. Hata mlinzi wa getini, ambaye hakujua kompyuta inaanzia wapi na inaishia wapi, alimwita Mshenga, naye aliitika kwa sababu kulikataa jina kunachosha kuliko kulizoea. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, miguu iliyovimba kila ikifika saa nane mchana, miwani miwili ambayo yote ilikuwa imepitwa na macho yake, na kazi ambayo kwa miaka ishirini na miwili alishindwa kumweleza mume wake. Mume alikuwa fundi cherehani, anashona sebuleni kwao karibu na dirisha, na wateja wakimuuliza mama wa nyumba anafanya kazi gani alijibu kwamba anatengeneza redio. Mshenga aliacha zamani kumsahihisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kila boksi lililotoka pale karakana mlikuwa na kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu kuu inayotawala nyingine zote, ambayo wenyewe huiita kiini. Kiini kina akili nyingi lakini hakina macho. Kikiamka hakijui kimefungiwa kwenye boksi gani, kama lina spika au lina kengele au halina kitu. Chini yake kuna viendeshi, vile vipande vya programu vinavyojua kuzungumza na kifaa kimoja kimoja, na vyenyewe hukaa tu vikisubiri kuambiwa. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kukaa chini akaandika faili la maelezo: kwenye nyaya hizi mbili inakaa chipu ya sauti, anwani yake ni hii, njia yake ya kwanza inakwenda kwenye amplifaya, amplifaya inaamshwa na pini ya kumi na saba, na ukishaiamsha ngoja kidogo kabla ya kutuma sauti, la sivyo spika itapasuka mlio wa kushtua watu. Mtu huyo alikuwa yeye. Alivitambulisha vyuma kwa programu na programu kwa vyuma, vikakaa pamoja, na ndoa ikiingia mdudu, wa kwanza kutafutwa alikuwa mshenga.

Kilichomchosha si ugumu wa kazi. Kilichomchosha ni kuaminiwa. Binadamu ukimwambia jambo la ajabu atakunja uso, atauliza mara mbili, atakwenda kumsikia na jirani. Kiini hakina hayo. Ukikiambia pini ya kumi na saba ni amplifaya na kumbe ni taa, kitaiwasha taa na kungoja muziki mpaka umeme ukatike. Kuna siku alitamani kibishe, japo mara moja, ili naye ajue kwamba kuna mwingine anayefikiri pale ndani.

Aliyekaa meza ya kumwelekea alikuwa mchora saketi, mzee waliyemwita Babu Waya. Walikuwa wametazamana hivyo miaka kumi na tisa, chupa ya chai katikati, wakitaniana ili siku iende. Babu Waya alichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi kubwa, akaandika maelezo kwa Kiswahili chake cha mkato, ndipo akakubali mchoro uingizwe kwenye kompyuta. Bosi alimsihi mara nyingi aache penseli. Mzee alijibu kwamba atastaafu nayo, na mwisho wa mwezi ule ndio alikuwa anastaafu.

Boksi lenyewe waliliita boksi la kitandani. Lilikuwa la wagonjwa wanaouguzwa nyumbani kwa mtungi wa oksijeni. Liliwekwa kando ya kitanda na kufanya mambo mawili. La kwanza, lilisema: "Ni saa ya dawa," "Tafadhali geuka upande wa pili," na mengine ya namna hiyo, kwa sauti ya dada wa mapokezi, ambaye siku ya kurekodiwa alikuwa na mafua na hakuna aliyejisumbua kungoja apone. La pili, na ndilo lililowafanya watu walinunue, likihisi kwamba hewa haimfikii mgonjwa, bomba limechomoka au mtungi umekwisha, lilipiga kengele ya kuamsha mtaa. Pembeni kulikuwa na kitufe cha kupunguza sauti. Kijitabu kilieleza wazi kwamba kitufe kile kinapunguza maneno tu, kengele hakiigusi.

Jumanne moja asubuhi akaingia mama mmoja wa makamo, amelibeba boksi ndani ya foronya. Akaliweka juu ya meza ya mapokezi taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Hili lilitakiwa kulia," akasema. "Halikulia."

Bosi akatoka ofisini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, adabu tele. Akamvutia mama kiti.

"Jumapili mume wangu nusura aniponyoke," mama akasema bila kukaa. "Bomba limemchomoka puani, mimi niko jikoni. Naingia na chai namkuta midomo imebadilika rangi. Na hili limekaa pale linanitazama."

"Pole sana, mama. Je, mlikuwa mmepunguza sauti?"

"Ya kusema tumepunguza. Huyo dada anasema sana, halafu anasemea puani. Mume wangu akasema bora afe kuliko kumsikiliza. Nikapunguza mpaka mwisho. Lakini kitabu chenu kimesema kengele haiguswi. Nimekisoma mara tatu, ninacho hapa."

Dada wa mapokezi aligeuka akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. Bosi akaahidi kwamba litapimwa leo leo na mama atapewa jingine. Mama akaikunja foronya yake, akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemlaumu.

Mshenga akalibeba boksi mpaka mezani kwake. Akaliwasha, sauti akaiacha juu, akachomoa bomba la kupimia. Boksi likapiga yowe, watu wote saba wa chumba kile wakaziba masikio. Akalirudisha bomba, akabonyeza kitufe mpaka sauti ikaisha kabisa, akachomoa tena. Kimya. Akangoja. Feni ya dari ilisikika ikizunguka. Babu Waya akakiweka kikombe chake chini.

Mchana ule wote Mshenga alishuku kazi za wengine, kama ilivyo desturi ya watu wa fani ile. Akapekua kiendeshi cha chipu ya sauti mstari kwa mstari, na kiendeshi kilikuwa safi. Akapekua cha amplifaya, nacho safi. Ilipofika saa kumi, miguu imeshajaa ndani ya viatu, akafungua faili ambalo alikuwa analizunguka tangu asubuhi, lile la maelezo, aliloliandika mwenyewe miezi kumi na minne iliyopita. Mstari wa arobaini na mbili: spika ya kwanza, kushoto. Mstari wa arobaini na tatu: spika ya pili, kulia.

Akaelewa papo hapo. Ukikiambia kiini kwamba spika hii ni ya kushoto na ile ni ya kulia, umekiambia kuwa ni pacha. Zinatoa sauti moja na zina kipimo kimoja cha sauti, ukiishusha moja umeishusha na mwenzake. Kiini kilifanya kama kilivyoambiwa. Lakini mle ndani hamkuwa na pacha. Mlikuwa na spika mbili zilizokutana kwenye boksi kwa kazi tofauti, na moja kati yao haikutakiwa kushushwa na mtu yeyote, milele.

Swali lilikuwa moja: nani alimwambia kuna kushoto na kulia? Akainuka, akavuta jalada la michoro kutoka kabatini, akaufunua ule mchoro wa penseli. Upande wa kulia wa karatasi, kwa mwandiko wa Babu Waya, palikuwa pameandikwa: sp. ya kulia. Upande wa kushoto, pembeni kabisa, palikuwa na: sp. ya kus, halafu tundu. Tundu la mviringo, la ile mashine ya kutobolea karatasi ili zivae kwenye jalada.

"Babu," akaita. "Njoo unisomee hapa."

Mzee akaja na miwani yake mkononi. "Spika ya kulia."

"Kulia upande gani?"

"Upande gani vipi? Ya kulia. Ya kupiga kelele. Kengele hiyo."

"Na hii nyingine?"

"Spika ya kus..." Mzee akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Hapa pana tundu, bibi."

"Tundu naliona."

"Ya kusema. Moja ya kusema, moja ya kulia. Ulitaka niandikeje?"

Babu Waya akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, kifupi, kisha akakiona kilichokuwa nyuma ya kicheko na uso ukamkauka.

"Ulisoma kushoto," akasema.

"Nilisoma kushoto."

"Na hii ukasoma kulia."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndivyo nilivyoandika," mzee akakubali. Akaweka ncha ya kidole kwenye lile tundu. "Nani alitoboa?"

"Mimi," Mshenga akasema. "Siku ile ile ulipoileta."

Aliikumbuka siku yenyewe. Alikuwa na homa, hakutaka kuomba ruhusa kwa sababu kuomba ruhusa kulihitaji kuandika barua. Alitoboa, akafaili, akafungua ukurasa, akaandika alichokiona. Babu Waya alikuwa amekaa mbele yake, hatua mbili, anakunywa chai. Kuuliza kungemgharimu kuinua kichwa. Baya zaidi, siku ya majaribio watu waliisifu sauti. Walisema imenona, imejaa boksi zima, na Bosi akawanunulia soda. Ilinona kwa sababu spika mbili zilikuwa zinasema neno moja. Mafua ya yule dada yalitoka pande zote mbili, na karakana nzima ikapiga makofi.

Maboksi sitini na manne yalikuwa yametoka kwenda majumbani.

Ofisini kwa Bosi alikwenda akiwa ameshika ile karatasi. Akaeleza kwa maneno machache, maana nguvu za maneno mengi hakuwa nazo. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, na hilo tumhesabie.

"Marekebisho ni mistari mingapi, mama?"

"Minne."

"Basi, tusijitie kiwewe. Tutaiweka maboksi yakirudi kwa ukaguzi wa mwaka."

"Ukaguzi uko mbali, Bosi. Hao watu wanapumua leo."

Bosi akaweka viganja mezani. "Nikitangaza kosa, kesho hospitali zote zinaturudishia. Tuko watu kumi na mmoja hapa, wote tuna familia. Hilo umelifikiria?" Akaipokea karatasi, akaigeuza. "Na kusema kweli mchoro huu hausomeki. Mzee anaondoka mwisho wa mwezi. Ikibidi kabisa tutasema mchoro haukusomeka, haitamdhuru kitu."

"Mchoro ulisomeka. Mimi ndiye niliyeutoboa."

Mwishowe Bosi akatoa alichoweza kutoa: mafundi wawili wataanza kuzunguka nyumba hadi nyumba na flashi yenye faili jipya, kazi ya wiki tatu, na kwa sasa Mshenga awapigie simu wote wapandishe sauti mpaka juu na wasiiguse. "Lakini useme ni ukaguzi wa kawaida. Neno kosa lisitoke mdomoni mwako. Tumeelewana?"

Tusimpambe Mshenga. Alikubali, tena haraka. Alikuwa amechoka, alitaka simu zianze kupigwa, na lile sharti lilimpa pahali pa kujificha ambapo hakupaomba lakini alipapenda.

Jioni mume wake alikuwa anapinda suruali, pini amezibana mdomoni. Mshenga akavua viatu, akaketi kwenye kochi lililojaa vitambaa vya wateja.

"Mbona uso umekushuka?" mume akauliza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimekosea kazini. Niliona kulia, nikadhani ni kulia."

Mume akazitoa pini, moja moja, akazichoma kwenye kifuko.

"Sasa hapo umekosea wapi?"

"Ndiyo hapo hapo."

Akamweleza, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili mume akaielewa kazi ya mke wake, kwa njia ambayo hakuna kati yao ambaye angeichagua. Akakuna kidevu. "Mimi niliwahi kumshonea mtu koti lenye mikono miwili ya kushoto. Akalivaa mpaka harusini, hakusema kitu mpaka Jumatatu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafumua. Nikamwambia ni mimi, nikafumua."

"Langu lina nyumba sitini na nne."

"Basi anza na moja," mume akasema, akazirudisha pini mdomoni.

Kesho yake aliandika upya mistari minne. Maneno kushoto na kulia aliyafuta kabisa. Spika ya kwanza akaiita maneno, ya pili akaiita kengele, akaeleza kwamba kitufe kinagusa maneno peke yake na kengele imefungwa juu, haishuki. Juu ya mistari hiyo akaacha sentensi moja ya kusomwa na binadamu, kwa sababu kiini huyaruka maandishi ya namna hiyo: Hizi si pacha, usizipange pamoja, na ukiona neno usilolielewa muulize aliyeliandika. Akashusha sauti mpaka mwisho, akachomoa bomba. Boksi likapiga yowe. Wote saba wakaziba masikio na hakuna aliyenung'unika.

Kisha akaingia stoo na simu, kiti, na orodha yenye safu ya kutia alama. Siku mbili alizungumza na watu asiowajua. Wengi walikuwa wamepunguza sauti; dada wa mapokezi alikuwa amewachosha karibu wote. Mzee mmoja alimweka robo saa akimhadithia upasuaji wake. Mwanamke mmoja akauliza kama wanaweza kubadilisha ile sauti wakaweka ya mwanaume, ikiwezekana mwenye umri. Mwingine alicheka akasema wao boksi wamelitundikia kitambaa, wanaliona kama kabati. Kila mmoja Mshenga alimwambia ni ukaguzi wa kawaida, pandisha sauti mpaka juu, usiiguse mpaka fundi afike. Wakaitikia, wakamshukuru. Walimshukuru, na kila shukrani ilimwingia kama mwiba wa samaki, akameza akaendelea.

Ijumaa saa tisa ilibaki nyumba moja, ya arobaini na moja kwenye orodha, ambayo simu yake ilikuwa haipokelewi. Mgonjwa: mwanamke, miaka sabini na minane. Akapiga mara ya nne. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ng'ambo ya korido Bosi alisikika akizungumza na mtu.

"Haloo," ikajibu sauti ya mwanamke.

"Habari za mchana, dada. Napiga kutoka karakana ya maboksi ya kitandani. Tunafanya ukaguzi wa kawaida. Naulizia boksi la mama, mnaendelea nalo vizuri?"

"Lipo. Lipo juu ya kabati. Nimetaka kulirudisha, sijapata nguvu. Mama amefariki. Mwezi wa nne."

"Pole sana, dada."

"Ahsante. Tumeshapoa."

Mshenga alikuwa na kalamu juu ya safu ile. Hapakuwa na alama ya jambo kama hilo. Angeweza kupiga mstari tu, akaaga, akavaa viatu vyake akaenda nyumbani. Miguu ilikuwa inamwambia hivyo.

"Dada," yule mwanamke akasema, "wewe ni fundi wa haya maboksi au unapiga simu tu?"

"Ni fundi."

"Basi nikuulize kitu. Likilia, mtu yuko uani anafua, mlango umefungwa. Anaweza asisikie?"

"Anasikia," Mshenga akajibu, kwa mazoea, kama alivyowajibu wanunuzi wote. "Linasikika mpaka nyumba ya tatu."

Alipomaliza kulisema ndipo alipoona amesema nini. Upande wa pili ikasikika pumzi.

"Ndivyo alivyosema kaka yangu," mwanamke akasema. "Amesema lazima lililia. Amesema mimi nilisikia nikapuuza, kwamba nilishachoka kumuuguza. Kweli nilichoka, dada, sikatai. Lakini sikusikia. Tangu mazishi hatusemeshani. Nimekwenda kupimwa masikio mara mbili, wananiambia yako sawa."

Mshenga akavua miwani. Herufi kwenye orodha zikafutika, na hakujali.

"Ile sauti ya kusema," akauliza, "mlikuwa mmeipunguza?"

"Mama aliipunguza mwenyewe. Alisema huyo msichana ana mafua, anamtia uchovu."

Ng'ambo ya korido mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Bosi alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, kikombe mkononi. Alitikisa kichwa kidogo, kwa upole, kama mtu anayemzuia mwenziwe asivuke barabara. Mshenga alimtazama. Hakuona hasira yoyote moyoni mwake, wala ushujaa. Aliona tu kwamba kuna mtu amekwenda kupimwa masikio mara mbili.

"Nisikilize, dada," akasema kwenye simu. "Halikulia."

"Unasemaje?"

"Boksi halikulia. Masikio yako hayana kitu. Mama alipopunguza maneno, na kengele ilizimika, kwa sababu ndani yake mtu aliandika vibaya. Hata ungekuwa umekaa kitandani kwake umemshika mkono, lisingelia. Hukupuuza. Hapakuwa na kitu cha kusikia."

Bosi akaondoka mlangoni. Nyayo zake zilikwenda polepole hadi mwisho wa korido.

"Aliandika nani?" mwanamke akauliza.

"Mimi."

Mshenga akangoja matusi. Alikuwa tayari kwa matusi, na angeyapokea yote, hata yale ya kumtaja mama yake. Hayakuja. Kilichokuja baada ya muda ni sauti iliyokauka, ya mtu anayetafuta kitu mezani.

"Kaka yangu," mwanamke akasema. "Mpigie umwambie. Kama ulivyoniambia mimi, hivyo hivyo. Mimi hatanisikiliza. Una kalamu?"

"Ninayo."

Mwanamke akaanza kumtajia namba, na katikati ya namba ndipo kilio kilipomshinda. Alijikaza, akataja mbili nyingine, ya mwisho ikazama. Mshenga aliisikia ikianza na s, halafu ikapotea. Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi. Akainyanyua.

"Samahani, dada," akasema. "Hiyo ya mwisho ni sita au saba?"

Kilio kikazidi. Mshenga hakukisia. Akaibana simu kwenye sikio, sauti yake ikiwa juu, akamngoja alie mpaka atakapoweza kusema.